GPS Ikivurugwa, Simu Yako Haitamsaidia Rubani

Nikitaja tu kazi yangu mbele za watu, hakosi mmoja wa kuuliza: "Hiyo mitambo ya redio ya kuongozea ndege bado mnaitunza ya nini, na GPS ipo?" Nikimjibu kwamba GPS huvurugwa, anachomoa simu: "Basi rubani si atumie hii?" Hili la pili ndilo linalonichosha.

Simu haina GPS yake. Inapokea mawimbi yale yale, kutoka satelaiti zile zile ambazo ndege inazitegemea, zilizoko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu. Mawimbi hayo yanapotufikia ni hafifu kuliko hata kelele za kawaida za redio, na kipokezi huyachambua kwa hesabu tu. Ndiyo maana kifaa cha kuingia mfukoni kinatosha kuyafunika. Yakishafunikwa, vipokezi vyote vya eneo hilo hupofuka pamoja: cha ndege, cha akiba, tableti ya rubani na simu ya abiria wa kiti cha nyuma. Unaweza kupanga ndoo tano chini ya bomba lililokatwa maji. Zote zitabaki tupu. Mabaya zaidi ni mawimbi ya uongo. Hayazimi kitu; yanakuonyesha uko mahali ambapo haupo, na simu yako itayaamini bila wasiwasi.

Aprili 2024, ndege mbili za Finnair zilizokuwa zikienda Tartu, Estonia, zilirudi Helsinki bila kutua. Hazikuwa na hitilafu. Utaratibu wa kutua Tartu ulitegemea GPS, na GPS ilikuwa inavurugwa. Safari zikasitishwa hadi mwisho wa Mei, wakati uwanja ukiandaliwa njia ya kutua isiyohitaji satelaiti. Kwa hiyo dawa ilitoka ardhini. Kwenye maduka ya simu hakuna aliyekwenda.

Sasa mitambo yenyewe, kwa haraka. VOR, kati ya megahezi 108 na 117.95, hutoa ishara mbili: moja ni sawa pande zote, nyingine huzunguka mara 30 kwa sekunde. Tofauti kati yake humwonyesha rubani yuko upande gani wa mtambo, ila aliye chini nyuma ya mlima hapati kitu. DME hupima umbali: ndege inauliza, mtambo unajibu, muda unageuzwa kuwa maili. Ndege kubwa zina pia mfumo wa ndani wa kukadiria mwendo, lakini makosa yake huongezeka kadiri saa zinavyokwenda, na DME husaidia kuyasahihisha. NDB ndiyo kongwe. Mshale ndani ya ndege unaoielekea huvutwa na radi, hivyo penye dhoruba unaweza kuelekea kwenye wingu badala ya uwanja. Hiyo ikiondolewa sitalia. Na mtambo wowote rubani anaoufuata, kwanza ausikilize ukijitambulisha kwa herufi za Morse.

Marekani, wenye GPS wenyewe, wanapunguza VOR zao kutoka 896 hadi kama 590. Wanapunguza, hawafuti: zinazobaki zimepangwa ili GPS ikizimika, rubani apate ndani ya maili 100 za baharini uwanja anaoweza kutua bila satelaiti.

VOR utaitambua kwa kibanda chenye antena zilizopangwa duara juu yake. Mabati na majengo marefu jirani hurudisha mawimbi yake na kupotosha kipimo. Ukiuziwa kiwanja karibu nayo, waulize mamlaka ya usafiri wa anga kabla hujamwaga zege.