Geji ya mafuta ikikudanganya, pima kabla ya kununua

Dereva atokaye Mombasa kwenda Kisii kwa njia ya Narok hupita Mulot, mpakani mwa kaunti za Narok na Bomet. Mshale ukionesha nusu ilhali tangi ni kavu, safari huishia njiani huko.

Ndani ya tangi mna boya. Mafuta yakipungua, boya hushuka, na mkono wake huteleza juu ya kijibao cha umeme kinachoarifu geji. Kijibao kikichakaa, mshale hurukaruka au hukwama.

Anza na fyuzi na waya. Zikiwa sawa, fundi atoe kifaa tangini, mara nyingi chini ya kiti cha nyuma. Kazi ifanywe penye hewa, waya hasi wa betri ufunguliwe, moto na sigara viwe mbali. Mvuke wa petroli hulipuka. Vumbi lifutwe kwanza.

Kisha apime kwa mita akiinua boya polepole. Namba zikibadilika taratibu, kifaa ni kizima. Kosa liko kwenye waya au geji. Zikikatika, nunua kipya pamoja na raba ya kifuniko.

Hadi kitengenezwe, jaza tangi Narok na uhesabu kilomita.