Las Vegas yang'oa nyasi bustanini

Katika mji wa Las Vegas, jimboni Nevada nchini Marekani, bustani ya nyasi iliyokuwa fahari ya kila nyumba sasa imekuwa mzigo. Wakaazi wengi wameing'oa na kujitengenezea bustani inayofanana na jangwa linalowazunguka.

Mji huo hupata mvua ya takriban milimita 100 tu kwa mwaka. Karibu asilimia 90 ya maji yake hutoka Mto Colorado kupitia ziwa Mead, ambalo mwaka 2022 lilishuka hadi kiwango cha chini kabisa tangu lilipojazwa katika miaka ya 1930.

Maji yanayotumika ndani ya nyumba husafishwa na kurejeshwa ziwani, lakini yanayomwagwa bustanini hayarudi. Ndiyo sababu mamlaka ya maji ya kusini mwa Nevada huwalipa wenye nyumba wanaoondoa nyasi. Utafiti wake wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mita moja ya mraba ya nyasi hutumia karibu lita 3,000 kwa mwaka, ilhali mimea ya jangwani hutumia takriban lita 700.

Kokoto pekee hazitoshi

Hata hivyo, wapo wanaong'oa nyasi, wakamwaga kokoto uwanja mzima na kudhani kazi imekwisha. Kokoto tupu hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, hata baraza likawa halikaliki. Aidha, miti iliyokuwa ikinywa maji ya nyasi hukauka, isipowekewa mapema mipira yake ya kudondosha maji.

Kwa hiyo kinachotangulia ni kivuli. Baraza likijengwa upande wa mashariki, nyumba yenyewe hulikinga na jua la alasiri. Likiwa upande wa magharibi, hupandwa mti usiohitaji maji mengi, kama vile palo verde, kati yake na jua. Sakafu ya rangi hafifu haichomi nyayo kama ile nyeusi.

Mimea nayo hupangwa kwa kiu yake, yenye kuhitaji maji sawa ikae pamoja. Miongoni mwake ni jamii ya agave, ndugu wa mkonge unaojulikana sana Tanga, ambao miiba yake hudai ukae mbali na viti. Mshubiri, wenye asili ya Afrika na Arabuni, hustawi penye kivuli kidogo, ila hukingwa na baridi kali ya usiku wa Januari.

Lakini mmea mchanga, hata ukiwa wa jangwani, haujazamisha mizizi. Katika kiangazi cha kwanza hunyweshwa mara kwa mara, kisha maji hupunguzwa hatua kwa hatua. Anayefunga bomba siku ya kupanda hupoteza maji, mimea na fedha zake.