Histamini Mwilini na Vidonge vya Madini

Histamini ni kemikali ambayo mwili huitengeneza ili kujikinga. Ikizidi, huleta mwasho, mafua na maumivu ya kichwa. Nyingine huingia kwa chakula, hasa jodari na vibua waliokaa bila barafu, wala moto wa jikoni hauiondoi. Utumbo huivunja kwa kimeng'enya chenye madini ya shaba. Hata hivyo, vidonge vya madini si tiba iliyothibitishwa: zinki ikizidi huzuia mwili kufyonza shaba hiyohiyo. Basi tusiache dawa za daktari kwa ajili ya vidonge hivyo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, hutufundisha kumheshimu tabibu. Koo likivimba au pumzi ikibana, twende hospitali mara moja.