Kusoma Moshi wa Gari Kuukuu

Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi pana moto. Kwa mwenye gari lililokwisha kutembea zaidi ya kilomita 200,000, moshi ni ishara inayostahili kufasiriwa kabla ya kumwita fundi. Moshi wa buluu hudokeza kuwa oili inaungua ndani ya injini, aghalabu kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Moshi mweusi huashiria kuwa petroli imezidi hewa. Basi anza kwa kukagua kichujio cha hewa, ambacho bei yake ni nafuu. Moshi mwepesi mweupe wa asubuhi ni mvuke tu. Lakini ukiwa mzito, usikome hata injini ipatapo joto, na maji ya rejeta yawe yanapungua, yamkini gasketi ya silinda imeungua. Hapo zima injini, na kamwe usifungue rejeta kabla haijapoa. Mimi niliipuuza dalili hiyo kwa juma moja tu; gasketi ya shilingi elfu chache ikanigharimu injini nzima.