Jua la Utosini Halimuliki Uso

Anika muhogo mweupe juani mjini Kalima, mkoani Maniema nchini Kongo, na kando yake tandaza kasiterite iliyokwisha kuoshwa, nyeusi yenye kumetameta. Piga picha ya kila kimoja peke yake, karibu kabisa, na uiachie kamera ijipimie mwanga. Picha zikitoka utaona muhogo umefifia kuwa wa kijivu, na kasiterite, madini ya bati yaliyoujenga mji huu tangu enzi za kampuni ya Symetain, nayo imepauka hadi kijivu kilekile. Kamera haikuharibika. Imefanya kazi iliyotengenezewa.

Kipima mwanga kilichomo ndani yake hakijui tofauti ya muhogo na madini. Kinaona mwanga uliogonga kitu ukarudi, basi. Waliokiunda walikipa kanuni moja ya kukisia: kwamba mandhari yoyote, ukichanganya vyeupe na vyeusi vyake, wastani wake ni kijivu cha kati. Kadi za kijivu ambazo wapiga picha hutumia kupimia hurudisha 18% ya mwanga unaozigonga. Muhogo ukirudisha mwingi zaidi ya hapo, kamera hudhani jua limezidi na kubana mwanga. Kasiterite ikirudisha kidogo, hudhani giza limeingia na kuuachia.

Sasa fikiria wanafunzi waliojipanga mbele ya darasa saa sita mchana, wamevaa sare ya shule za Kongo, shati jeupe na suruali au sketi ya bluu. Shati jeupe linaweza kurudisha mwanga mara 8 au zaidi ya uso mweusi ulio juu yake. Mashati yakijaa kwenye fremu, kamera inabana mwanga, na nyuso zinazama gizani.

Ipo njia ya zamani ya kuepuka udanganyifu huo: acha kupima kitu, pima jua. Mchana wa jua kali humwaga takriban laksi 100,000 juu ya ardhi, na kiasi hicho hakibadiliki kwa sababu umegeuzia kamera kwenye shati au kwenye jiwe. Kwa miaka mingi Kodak ilichapa mwongozo huo kwenye karatasi zilizofungwa pamoja na filamu zake. Tundu la lenzi liwe f/16, na kasi ya shata iwe sekunde moja ikigawanywa kwa namba ya ISO, yaani kipimo cha wepesi wa filamu au kihisi kuhisi mwanga. ISO ikiwa 100, shata iwe 1/100 ya sekunde. ISO ikiwa 200, iwe 1/200.

Namba za f huenda kwa hatua: 16, 11, 8, 5.6, 4, 2.8, 2. Ukishuka hatua moja, mwanga unaoingia unaongezeka maradufu, kwa hiyo shata nayo iharakishwe maradufu. f/16 kwa 1/100, f/11 kwa 1/200 na f/8 kwa 1/400 zote huingiza mwanga sawa. Mtoto akikimbia, chagua ya mwisho, maana shata ya kasi humgandisha.

Kivuli chako mwenyewe kitakuambia lini ubadilishe. Kingo zake zikiwa kali, baki kwenye f/16. Zikilegea kwa sababu ya utando wa mawingu, nenda f/11. Kivuli kikipotea ingawa anga bado ni jeupe, f/8. Mawingu mazito yakitanda, au ukisimama kwenye kivuli cha nyumba kilicho wazi kwa anga, f/5.6. Ukiingia chini ya miti mikubwa ya msitu wa Maniema mambo ni mengine, kwani sakafu ya msitu hupata kama asilimia moja au mbili tu ya mwanga wa nje. Hizo ni hatua sita hivi: pale ulipotumia f/16, sasa unahitaji f/2.

Mpaka hapa kanuni inafanya kazi Kalima kama kwingineko. Lakini ina tatizo moja ambalo watu wa ikweta hulihisi bila kulijua. Makao ya Kodak yako Rochester, nchini Marekani, nyuzi 43 kaskazini. Huko jua la mchana mwezi Machi husimama nyuzi 47 hivi tu juu ya upeo, kwa hiyo linampiga mtu usoni kwa mshazari. Kalima iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la mchana hupita juu ya utosi kabisa. Miale inashuka wima, na uso wa mtu aliyesimama nao ni wima. Mwanga unapita sambamba na uso bila kuugonga. Vinavyoupata ni paji, ncha ya pua, mabega na ardhi. Macho yanabaki mashimo ya giza.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika miezi hiyo, kiasi cha miale ya jua kinachogonga uso wa mtu anayeelekea jua ni takriban 71% saa tatu asubuhi, 50% saa nne na 26% saa tano. Kutoka saa nne hadi saa tano peke yake uso umepoteza karibu hatua nzima, ilhali ardhi miguuni inazidi kung'aa. Saa sita kamili uso unaishi kwa mwanga wa anga na ule unaorudi kutoka chini. Kwa hiyo f/16 itatoa picha nzuri ya barabara na picha mbaya ya mtu. Ukitaka uso, fungua hatua mbili au tatu, hadi f/8 au f/5.6.

Ukifungua hivyo, mabega ya shati jeupe yataungua. Kila nukta ya kihisi cha kamera ni kama debe lililotegwa mvuani: likishajaa, maji yanayofuata yanamwagika, na hakuna programu itakayoyarudisha. Mwanga ukizidi huko juani, sehemu ile ya picha inabaki nyeupe tupu daima. Hakuna namba itakayoponya tofauti kubwa hivyo kati ya bega na jicho. Kinachoiponya ni kumhamisha mtu.

Msogeze chini ya ukingo wa paa, uso ukielekea nje. Hapo uso na shati vinapata mwanga wa aina moja, na f/5.6 inatosha. Kama hakuna kivuli, mtu mwingine ashike shuka jeupe chini ya kifua cha anayepigwa ili lirudishe mwanga machoni. Mwenye flashi aiwashe mchana huohuo, akikumbuka kwamba kamera nyingi hazikubali flashi ya kawaida juu ya 1/200 au 1/250. Kwa ISO 100, 1/200 na f/11 zinaoana vizuri.

Wenye simu nao wamo. Tundu la lenzi ya simu nyingi halibadiliki; nyingi zina kama f/1.8. Ili kustahimili jua la f/16, simu yenye ISO 50 inabidi ifungue shata kwa 1/4000 hivi ya sekunde, na inafanya hivyo bila kukuuliza. Wewe kazi yako ni kuiambia kipi muhimu: gusa uso kwenye kioo, kisha buruta alama ya jua juu au chini mpaka ngozi ionekane kama ilivyo.

Ngozi nyeusi imewahi kusahauliwa hata katika utengenezaji wenyewe wa picha. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kuwa kamera yake imerekebishwa ili kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Ni hatua nzuri, lakini haiwezi kupinda miale ya jua.

Jua nalo lina ratiba yake, na inafaa kuijua. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua la Kalima huwa upande wa kaskazini, nyuzi 64 hivi juu ya upeo. Desemba huwa kusini, nyuzi 69. Tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, ukiombwa kupiga picha ya kundi mchana, wapange waelekee kaskazini, kule mto Lualaba unakotiririkia. Nyuso zao zitapata zaidi ya 40% ya miale ya jua, na f/11 itakutosha. Wakielekea kusini, utapata picha ya kofia na mabega.