Kabla ya Kulipia Gitaa Dogo Lililotumika

Mlaji wa Kashaulili anayetafuta gitaa kavu kwa ajili ya kwaya au la mtoto wake anayejifunza, mara nyingi huuziwa lililokwisha kutumika. Hilo si baya, kwani mbao zikitunzwa hudumu miaka mingi, na gitaa lenye tumbo dogo hubebeka hata kwenye bodaboda. Ila kasoro iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa anayetazama rangi peke yake, na kuirekebisha huweza kugharimu zaidi ya bei ya gitaa lenyewe.

Kasoro hiyo huletwa na mvuto wa nyuzi. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Ya nailoni, takriban kilo 40. Gitaa lililoundwa kwa nailoni likifungwa nyuzi za chuma, daraja linalozishikilia nyuzi tumboni hubanduka taratibu na shingo hupinda. Tunashauri ujaribu kupitisha karatasi chini ya daraja: ikiingia, gundi imeachia. Kisha tazama shingo kwa urefu wake, kama fundi seremala anavyokagua ubao.

Piga uzi bila kuubonyeza, halafu ubonyeze kwenye freti ya 12 na kuupiga tena. Sauti iwe ileile, ila juu kwa oktava moja. Ikikosea, gitaa hilo halitapatana na waimbaji, nyuzi zikazwe vyovyote.

Pima pia kwa futi kutoka mwanzo wa nyuzi kichwani hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Gitaa dogo la mtu mzima hufika sentimita 60 au zaidi. La mtoto huwa pungufu. Kiangazi cha Katavi hukausha mbao, hivyo tafuta nyufa.

Mfanyabiashara akupe risiti. Kwa muuzaji binafsi, andikianeni mbele ya shahidi, mkitaja chapa na kasoro mlizozikubali. Asiyeweza kueleza alikolipata, mwache nalo hata bei ikiwa ya kutupa: kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa la jinai.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiambiwa gitaa ni zima kumbe shingo imeunganishwa kwa gundi, lete malalamiko yako Tume ya Ushindani pamoja na risiti, na usilitengeneze kwanza.