Mkuki wa Yego na foleni ya wakimbiaji

Mtaje Mnigeria maarufu katika michezo na majina yatakuja kutoka kila upande. Hakeem Olajuwon aliiongoza Houston Rockets kutwaa ubingwa wa kikapu wa NBA mwaka 1994 na 1995. Chioma Ajunwa alikuwa katika timu ya soka iliyokwenda Kombe la Dunia la wanawake mwaka 1991, kisha miaka mitano baadaye akashinda dhahabu ya Olimpiki ya kuruka mbali kule Atlanta. Tobi Amusan aliruka viunzi vya mita 100 kwa sekunde 12.12 mwaka 2022, rekodi ya dunia. Lakini huku kwetu Kenya, ukiitaja Eldoret, jibu ni moja tu: mbio. Naona fahari hiyo, tuliyoipata kwa jasho tangu enzi za Kipchoge Keino, imetufunga macho tusione vipaji vingine vinavyokulia papa hapa.

Ushahidi wangu mkubwa ni Julius Yego, kijana wa Nandi aliyeanza kwa kurusha vijiti alivyochonga mwenyewe. Hakuwa na kocha wa mkuki, kwa hiyo aliingia saibakafe kutazama kwenye YouTube jinsi mabingwa wa Ulaya wanavyopiga hatua na kuachia mkono. Agosti 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Siku moja kabla yake, Mkenya mwenzake Nicholas Bett alikuwa ameshinda mita 400 kuruka viunzi. Hewa nyepesi ya milimani, ambayo hutajwa kila tunaposifiwa, haimsaidii mtu kurusha mkuki. Kilichomfikisha Yego pale ni nguvu, mbinu na ung'ang'anizi, na hayo hayakuishia Cheptonon, kijiji alikozaliwa.

Najua nitakavyojibiwa. Nchi yenye fedha kidogo hushika inachokiweza, na matokeo yanatutetea: Paris 2024 Kenya ilirudi na medali 11, zote za mbio, huku Nigeria iliyotawanya vipaji vyake ikirudi mikono mitupu. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo haijibu swali la vijana wenyewe. Katika Olimpiki kila nchi inaruhusiwa wanariadha watatu tu kwa kila mbio. Kenya inaweza kuwa na wakimbiaji kumi wa mita 10,000 wanaotosha kufika fainali, na saba kati yao wakatazama mashindano kwenye televisheni. Barabara ya Iten imejaa vijana wanaojifua alfajiri kwa matumaini ya mbio za barabarani za Ulaya, na wengi wao hawatapata hata meneja wa kuwatafutia nafasi. Kwa kijana mwenye mabega mapana na mguu mzito, tunachomwambia ni kukimbia zaidi.

Tena hatukuwa hivi siku zote. Ndondi iliipa Kenya medali saba za Olimpiki, ikiwemo dhahabu ya Robert Wangila kule Seoul mwaka 1988, na tangu mwaka huo hatujapata medali nyingine nje ya riadha. Ngumi hazikutoka mikononi mwa Wakenya; tuliacha kuzilea. Wapo watakaosema vifaa vya michezo mingine ni ghali, na kwa baadhi ni kweli. Lakini mkuki na tufe vikinunuliwa hutumika shuleni miaka mingi, na kinachokosekana zaidi ni mwalimu anayejua kuvifundisha. Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alipofika kufundisha katika shule ya St Patrick's Iten mwaka 1976 hakuwa kocha wa riadha. Alijifunza akiwa kazini, na mwaka 1988 mwanafunzi wake wa zamani Peter Rono akashinda dhahabu ya mita 1,500. Uasin Gishu na Nandi zikimlipa mwalimu mmoja wa mirusho kwa kila kaunti ndogo, na kumpa muda kama aliopewa Colm, Yego wa pili hatalazimika kumtafuta kocha wake kwenye kompyuta ya kukodi.